Herufi Chache, Matata Mengi: Tuelewe Majina ya Mkato

Katika makala haya tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, lakini limevuruga mikutano mingi na kuwafanya watu kukosa dawa, pesa na hata haki zao. Jambo lenyewe ni majina ya mkato, au vifupisho: zile herufi kubwa kubwa ambazo siku hizi zimejaa kwenye barua, fomu, redio na simu.

Tuchukue mfano wa tangazo kama hili, ambalo lingeweza kubandikwa leo kwenye ukuta wa ofisi ya chifu popote hapa Uasin Gishu:

"SHG na CIG zote zinazoomba pesa za mradi zilete PIN, namba ya A/C, kumbukumbu za AGM na barua ya MCA kabla ya COB Ijumaa."

Mtu aliyezoea ofisi atalisoma na kwenda zake. Lakini mama wa kikundi cha kufuga kuku atalisoma mara mbili, atazame kando kama kuna mtu wa kumwuliza, kisha arudi nyumbani. Ijumaa itapita. Mwezi ujao atasikia kwamba vikundi vingine vimepata pesa, na atasema, "Hizo ni za wenyewe." Kumbe hakunyimwa na mtu. Alizuiwa na herufi.

Hebu tulifungue tangazo hilo. SHG ni kikundi cha kujisaidia, yaani kama hiki chako. CIG ni kikundi cha watu wenye shabaha moja, kwa mfano wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. A/C ni akaunti ya benki. AGM ni mkutano mkuu wa mwaka. MCA ni mwakilishi wa wadi. COB ni mwisho wa saa za kazi. Na PIN? Hiyo tutaizungumzia peke yake, kwa sababu ndiyo iliyo na hatari kubwa kuliko zote.

VIFUPISHO NI NINI?

Kifupisho ni jina refu lililokatwa ili liandikwe au litamkwe upesi. Kwa kawaida viko vya aina tatu.

Aina ya kwanza ni herufi zinazotajwa moja moja. Tunasema "en-si-pi-bi" tukimaanisha Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao, pale tunapopeleka mahindi. Vivyo hivyo KCC ya maziwa na KRA ya ushuru.

Aina ya pili ni herufi zinazosomwa kama neno moja. SACCO ni mfano mzuri. Vijana wengi wanadhani maana yake ni kampuni ya matatu, kwa sababu wameona neno hilo kwenye milango ya magari. La hasha. SACCO ni chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Wenye matatu walijiunga katika vyama kama hivyo, jina likapanda gari pamoja nao.

Aina ya tatu ni vipande vya maneno vilivyounganishwa. Hapa Eldoret tunavyo vingi. RIVATEX, kile kiwanda cha nguo ambacho Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka 2007, kilipata jina lake kwa kuunganisha vipande vya maneno ya Kiingereza yenye maana ya "nguo za Bonde la Ufa". ELDOWAS, wanaotuletea bili ya maji, ni Eldoret na maji na usafi kwa pamoja.

Si Kiingereza peke yake kinachokata maneno. Kiswahili pia hukata, na hukata vizuri. UKIMWI ni Upungufu wa Kinga Mwilini: U, KI, MWI. Ndugu zetu wa Tanzania wana TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Angalia jinsi jina kama hilo linavyofunguka lenyewe: anayejua Kiswahili akielezwa mara moja hasahau, kwa sababu maneno yaliyomo ndani ni yake. Lakini ukimwambia mtu wa kijijini herufi nne za maneno ya Kiingereza, ni kama kumpa kufuli bila ufunguo.

Tena mambo haya si ya leo. Wengi wetu tumeona picha ya msalaba yenye herufi INRI juu yake. Hizo ni herufi za mwanzo za maneno ya Kilatini yenye maana ya "Yesu Mnazareti, Mfalme wa Wayahudi". Hata mji wetu huu ulianza kwa mkato. Posta ilipofunguliwa mwaka 1910 katika shamba namba 64, Wazungu waliuita mji kwa namba hiyo tu, na wenyeji wakasema "Sisibo". Jina la Eldoret lilikuja mwaka 1912.

Na kifupisho kikizeeka sana, watu husahau kabisa kwamba kilikuwa kifupisho. Vijana wa stendi wakisalimiana "Rada ni gani?", hawajui kwamba rada ilitokana na herufi za jeshi za wakati wa Vita Vikuu vya Pili, jina la mtambo wa kuona ndege kwa mawimbi ya redio.

KWA NINI VINATUCHANGANYA?

Sababu ya kwanza: herufi ni zile zile, mambo ni mbalimbali. Tazama mifano hii.

AI. Kwa mfugaji wa Moiben au Ainabkoi, AI ni kupandisha ng'ombe kwa mrija. Kituo cha Kabete kinachotoa mbegu za madume kilianzishwa mwaka 1946, kwa hiyo hizi ni herufi ambazo hata babu zetu walizijua. Leo redio inasema AI itachukua kazi za makarani na walimu. Mzee akiuliza, "Sasa mbegu ya ng'ombe itachukuaje kazi ya karani?" msimcheke. Ameuliza vizuri. AI ya redio ni akili mnemba, yaani kompyuta zilizofunzwa kuandika, kujibu maswali na kutambua picha. Herufi ya kwanza katika zote mbili inatoka neno moja la Kiingereza lenye maana ya kitu kilichotengenezwa na watu, si cha asili.

CBC. Shuleni ni mtaala wa umilisi, ambao majaribio yake yalianza mwaka 2017, na ambao tangu mwaka 2025 Wizara imekuwa ikiuita CBE. Hospitalini CBC ni kipimo cha kuhesabu chembe za damu. Mzazi akipewa karatasi iliyoandikwa CBC akiwa na mtoto mgonjwa, asidhani anaulizwa mtoto yuko gredi gani.

AFC. Kwa mkulima ni Shirika la Fedha za Kilimo, lile linalokopesha na kushika hati ya shamba. Kwa shabiki wa kandanda ni Leopards.

CDF. Wengi tunaijua kama hazina ya maendeleo ya eneo bunge iliyoanza mwaka 2003, ile ya madarasa na basari. Lakini katika jeshi, CDF ni Mkuu wa Majeshi. Jenerali Francis Ogolla alipofariki katika ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024, hapa jirani Elgeyo Marakwet, vyombo vya habari vilitaja CDF. Kwa mtu aliyejua CDF ya madarasa peke yake, habari hiyo nzito ilikuwa ngumu kueleweka.

Sababu ya pili: majina yanabadilika, sisi tunabaki na ya zamani. Bado tunasema "kwa DC" ingawa cheo hicho kiliondoka na mfumo wa zamani wa wilaya. Wakulima bado wanasema KARI wakati shirika la utafiti wa kilimo sasa ni KALRO. Kanisa la Kianglikana lilikuwa CPK hadi mwaka 1998 likawa ACK. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1985 na kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Sasa wa gredi ya sita ni KPSEA na wa gredi ya tisa ni KJSEA. Babu anayemwuliza mjukuu "Ulipata ngapi KCPE?" anauliza habari ya dunia iliyopita.

Sababu ya tatu, na hii ndiyo mbaya zaidi, ni aibu. Mtu anakaa mkutanoni, anasikia herufi kumi, anatikisa kichwa kama aliyeelewa, kisha anaweka sahihi au kidole gumba. Anaogopa kuonekana hakusoma. Na kwa upande wa pili wako wanaopenda kuongea kwa herufi ili waonekane wakubwa, au ili wengine wasiulize pesa zimeenda wapi. Ndugu zetu, mtaalamu asiyeweza kueleza herufi zake kwa lugha ya nyumbani, huenda hata yeye mwenyewe hazijui.

HOSPITALINI: HERUFI ZA UHAI

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu kosa la hospitalini halirudishwi kama chenji.

Kwanza ni tarehe ya kurudi. Kwenye kadi na vitabu vya kliniki wahudumu wengi huandika TCA. Hiyo ni mkato wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya "aje tena". Baada ya herufi hizo hufuata namba mbili zenye mstari katikati, na hapa ndipo wengi hupotea. Namba ya chini inaonyesha ni siku, wiki au miezi:

- Chini kukiwa na 7 ni siku, kwa sababu wiki ina siku 7. Kwa hiyo 5/7 ni siku tano.
- Chini kukiwa na 52 ni wiki, kwa sababu mwaka una wiki 52. Kwa hiyo 2/52 ni wiki mbili.
- Chini kukiwa na 12 ni miezi, kwa sababu mwaka una miezi 12. Kwa hiyo 3/12 ni miezi mitatu.

Sasa fikiria mama wa presha aliyeenda kliniki mwezi wa Februari, akaandikiwa TCA 3/12. Daktari amemwambia arudi mwezi wa Mei. Lakini kijana wake nyumbani anasoma na kusema, "Mama, utarudi tarehe tatu Desemba." Dawa zinaisha Mei, mama anangoja. Juni, Julai, Agosti bila dawa, na presha haina simile. Kosa hili halina mtu mbaya ndani yake. Daktari aliandika alivyofundishwa, kijana alisoma alivyofundishwa. Dawa yake ni swali moja tu kabla ya kutoka mlangoni: "Daktari, hiyo ni tarehe ngapi ya mwezi gani?" Mwombe aandike tarehe kamili.

Pili ni jinsi ya kumeza dawa. Kwenye pakiti utaona 1x3 au 2x2. Namba ya kwanza ni tembe, ya pili ni mara ngapi kwa siku. Kwa hiyo 1x3 ni tembe moja mara tatu, asubuhi, mchana na jioni. Si tembe tatu kwa pamoja! Na 2x2 ni tembe mbili asubuhi na mbili jioni. Mahali pengine huandika herufi zilizotoka Kilatini: OD ni mara moja kwa siku, BD ni mara mbili, TDS ni mara tatu, QID ni mara nne. PRN maana yake unywe ikihitajika tu, kama dawa ya maumivu. STAT maana yake upewe sasa hivi, bila kungoja.

Hapa hata Kiswahili chetu kina mtego. Tukisema "mara moja", twaweza kumaanisha mara moja tu kwa siku, au twaweza kumaanisha sasa hivi. Ukimwelekeza mgonjwa nyumbani, sema wazi: "mara moja kila siku asubuhi", au "meza sasa hivi."

Tatu ni majina ya ugonjwa. VVU ni virusi vyenyewe. UKIMWI ni ile hali ya mwili kukosa kinga, ambayo huja virusi visipotibiwa. Mtu anaweza kuwa na VVU miaka mingi, anameza ARV zake, analima, analea, bila kuwa na UKIMWI. Kwa hiyo tunapochanganya herufi hizi mbili tunamwita mtu mgonjwa wa kufa wakati yeye ni mzima kuliko sisi.

Na hapa Eldoret tuna somo jingine. AMPATH ilianza mwaka 2001 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani pamoja na wenzao. Mwanzoni herufi hizo zilitaja kuzuia na kutibu UKIMWI. Baadaye maneno yalibadilishwa, herufi zikabaki zile zile. Sasa zinataja kuwafikishia watu huduma za afya kwa jumla, na kazi imepanuka hadi saratani, kisukari, presha na mengine. Lakini vijijini jina lilibaki na maana ya kwanza. Jirani akimwona mtu anaingia pale, tayari ameshamaliza kesi: "Ah, yule naye." Kumbe mwenzake amepeleka mama kupimwa saratani. Wapo wanaochelewa kutafuta matibabu kwa kuogopa maneno kama hayo. Herufi hazina kosa. Kosa ni letu, tunaposoma herufi na kumhukumu mtu.

NHIF, SHA NA SHIF

Swali hili tunaulizwa sana. NHIF ilianza mwaka 1966 na wengi tulizeeka nayo. Mahali pake pamechukuliwa na SHA kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024. SHA ni Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani ile ofisi. SHIF ni Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii, yaani mfuko wa pesa. SHA ni mwenye nyumba, SHIF ni kibeti chake.

Tena SHA ina vibeti vitatu, si kimoja. Kuna mfuko wa huduma za msingi, ule wa zahanati na vituo vya afya, ambao kwa mujibu wa mpango huo hudai uwe umejisajili tu. Kuna SHIF yenyewe, ya hospitali kubwa, ambayo unaichangia: wenye mishahara hukatwa asilimia 2.75, na wengine hupimwa uwezo wa nyumba zao, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Na kuna mfuko wa dharura na magonjwa sugu. Kwa hiyo mtu akikuambia "niko SHA", mwulize: umejisajili tu, au na michango umelipa? Hayo ni mambo mawili, na tofauti yake huonekana usiku wa manane mgonjwa akiwa mlangoni mwa hospitali. Kadi ya zamani ya NHIF iliyo kwenye droo haitoshi. Unaweza kujisajili au kuangalia hali yako kwa kupiga *147# kwenye simu.

PIN GANI?

Sasa tumefika kwenye ile PIN. Hapa wezi wamepata shamba lao.

PIN ya KRA ni namba ya ushuru. Ya mtu huanza na herufi A, ya kikundi au kampuni huanza na P, na kwa jumla ina herufi na tarakimu kumi na moja. Hii huombwa na benki, na ofisi za serikali, na wanaonunua mazao yenu. Kuitoa mahali panapostahili ni jambo la kawaida.

PIN ya M-Pesa au ya kadi ya benki ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni namba ya siri, ndiyo ufunguo wa sanduku. Haitolewi kwa mtu yeyote: si kwa wakala, si kwa mwenyekiti, si kwa anayesema anapiga kutoka kampuni ya simu, wala kwa mtoto wa shangazi.

Ona ujanja ulivyo. Mtu anapiga simu kwa mweka hazina: "Kikundi chenu kimechaguliwa kupata pesa za mradi. Tunahitaji PIN." Mweka hazina amesikia kweli kwenye baraza kwamba kikundi kinahitaji PIN. Kwa hiyo hashtuki. Anataja tarakimu nne. Dakika tano baadaye akiba ya kina mama thelathini imekwisha.

Na hapa hata kufungua jina hakusaidii, kwa sababu PIN zote mbili kwa Kiingereza zina maneno yale yale, namba ya kumtambulisha mtu. Kwa hiyo usitosheke na kuuliza "hizo herufi ni kifupi cha nini?" Uliza pia "inafanya kazi gani?" Ushauri wetu ni kwamba vikundi viache kusema PIN peke yake. Semeni "namba ya ushuru" kwa ile ya KRA, na "namba ya siri" kwa ile ya simu. Mtu akiomba namba ya siri, jina lenyewe limeshamjibu.

OTP nayo ni ndugu yake. Ni namba inayotumwa kwa ujumbe wa simu, ya kutumika mara moja tu. Anayekuomba umsomee namba iliyoingia kwenye simu yako anaomba kufunguliwa mlango.

SHAMBANI NA DUKANI

Mbegu ya mahindi ya H614 inaeleza habari zake yenyewe. H ni mbegu chotara. Tarakimu ya kwanza inaonyesha mahali: 6 ni nyanda za juu kama kwetu, 5 ni sehemu za urefu wa wastani. DH ni ya sehemu kavu, na PH ni ya Pwani. Mtu akikuuzia DH kwa bei ya chini, usifurahi kabla ya kujua kwamba haikutengenezwa kwa shamba la Ainabkoi.

Kwenye mbolea, N ni naitrojeni na P ni fosforasi. K ni potasiamu, kwa sababu jina lake la Kilatini linaanza na K. Gunia likiandikwa 18-46-0, ambayo ndiyo DAP, soma kwa mpangilio huo: katika kila kilo 100 kuna kilo 18 za naitrojeni, 46 za fosfeti, na hakuna potasiamu. Kwa hiyo gunia la kilo 50 lina 9 na 23. DAP ni ya kupandia. CAN, iliyo na naitrojeni nyingi na haina fosforasi, ni ya kukuzia mahindi yakishasimama. Ukizibadilisha, pesa ni zile zile lakini gunia si lile.

KITABU CHA MWEKA HAZINA

Chama kimoja huvunjika kwa wizi. Vingine huvunjika kwa herufi mbili tu: b/f. Maana yake ni salio lililoletwa kutoka ukurasa uliopita. Mwenzake ni c/f, salio linalopelekwa ukurasa ujao. Tuseme Machi imeisha na shilingi 12,400. Ukurasa wa Aprili utaanza na b/f 12,400. Ni pesa zile zile zimehama ukurasa. Mweka hazina mpya asiyejua akijumlisha zote mbili, kitabu kitaonyesha shilingi 12,400 ambazo hazipo duniani. Desemba ikifika, siku ya kugawana, ataitwa mwizi na hakuiba.

Vingine vya kukumbuka: Dr katika hesabu si daktari, ni upande wa kudaiwa; Cr ni upande wa pili. E & OE chini ya risiti maana yake mwenye duka anajihifadhi iwapo kuna kosa au kitu kimesahaulika. N/A kwenye fomu maana yake "hainihusu". PTO chini ya karatasi maana yake "geuza ukurasa", na ni vizuri kugeuza kabla ya kutia sahihi! AOB kwenye ajenda ni "mengineyo". Angalieni sana mambo makubwa yasije yakapitishwa hapo watu wakiwa wamechoka.

TUFANYE NINI KIKUNDINI?

1. Jina kamili kwanza. Katibu akiandika kumbukumbu au barua, aandike jina lote mara ya kwanza, ndipo atumie herufi baadaye.

2. Daftari la herufi. Wekeni ukurasa mmoja nyuma ya daftari la kikundi. Kila kifupisho kipya kiandikwe hapo pamoja na maana yake kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, na mwaka mlioandika, kwa maana majina hubadilika.

3. Ruhusa ya kusimamisha mkutano. Mkubaliane kwamba mwanachama yeyote anaweza kuinua mkono na kusema "Fungua hilo neno," hata kama mgeni ni mheshimiwa. Mwenyekiti ndiye aanze kuuliza, ili wengine wasione haya.

4. Hakuna sahihi juu ya herufi zisizojulikana. Kama karatasi ina kifupisho ambacho hakuna anayekijua, ingoje. Pesa halali haziozi kwa siku mbili.

5. Mgonjwa aende na msomaji. Panapowezekana, mzee akienda kliniki afuatane na mtu wa kuuliza tarehe ya kurudi na namna ya kumeza dawa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Tajeni vifupisho vitano mlivyosikia mwezi huu. Ni vingapi ambavyo kila mmoja wenu anaweza kueleza?

2. Je, jina la kikundi chenu ni kifupisho? Wanachama wapya wanajua maana yake?

3. Toeni kadi za kliniki mlizo nazo nyumbani. Tarehe za kurudi zimeandikwaje, na zimesomwa sawa?

4. Nani katika kikundi chenu anajua namba ya siri ya simu ya chama, na je, hiyo ndiyo idadi mliyokubaliana?

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nasi twaongeza: mwenye kujibu kwa upole amefundisha kijiji kizima. Basi mkutano ujao, anzeni na swali la tatu, kabla hata ya kusoma kumbukumbu. Huenda kuna mama kati yenu ambaye siku yake ya kliniki imeshapita.